Sauti Iliyouzwa Ifakara

SEHEMU YA TISA

Wiki jana tulimwacha Violeth amepiga magoti katika chumba cha nyuma cha ghala la mpunga, waya wa umeme mkononi, macho yamemtoka pima. Mliokosa gazeti msinilaumu. Nitawadokezea mawili matatu tukiwa njiani, maana bibie hana muda wa kutungoja.

Chumba alichokuwamo ndicho kilichohifadhi seva ya Jirani, mtandao wa watu wa bonde la Kilombero. Umetengenezwa Ifakara, unalindwa Ifakara, na kila neno la mwanabonde linalala Ifakara. Ndivyo alivyoambiwa Violeth, na ndivyo yeye mwenyewe alivyowatangazia watu kuanzia Mkula hadi Uchindile.

Asubuhi hiyo aliingia kufuta vumbi la pumba kabla wageni wa serikali hawajafika kuzindua. Akachomoa waya asije akapigwa shoti. Taa zote za seva zikazimika, na palepale simu yake ikalia kwa mlio wa Jirani.

Akaiweka sikioni. Ilikuwa sauti ya mama mmoja wa Mkula.

"Jamani, mbuzi wangu jike mwenye baka jeupe kapotea tangu jana. Atakayemwona kando ya barabara naomba anirudishie. Asanteni."

Seva imezimwa, waya uko mkononi, na mbuzi wa Mkula bado anatafutwa hewani kana kwamba hakuna kilichotokea!

Violeth hakuamini. Akajirekodi neno moja, "Haloo," akalituma kwa shoga yake Angelina wa mtaa wa pili. Likafika. Angelina akajibu kwa kicheko, akimuuliza kama bwana harusi kamwamsha vibaya.

Hapo ndipo Violeth alipochukua bisibisi. Alifungua kifuniko cha seva ile iliyowekewa pazia jipya na maua ya plastiki kwa ajili ya mgeni rasmi. Ndani mlikuwa na feni ya kutoa mlio, taa za kijani za kumetameta, na nafasi kubwa ambamo panya angeweza kuzaa na kulea.

Boksi tupu. Mwaka mzima watu wamekuwa wakivua viatu mlangoni kwa heshima ya boksi tupu.

"Vio! Mbona umezima?"

Alikuwa Amedeus, amesimama mlangoni ndani ya suti ya uzinduzi. Huyu ndiye fundi aliyeijenga Jirani, na ndiye mchumba aliyekwisha kupeleka posa kwao Violeth, huko Mofu, na ikapokelewa kwa vigelegele.

"Nataka uniambie kitu kimoja," Violeth alisema. "Mbuzi wa Mkula anapita wapi?"

"Mbuzi gani?"

"Nimezima seva, Amedeus. Watu bado wanaongea. Wanaongelea wapi?"

Amedeus alitazama kifuniko kilichofunguliwa, akatazama bisibisi, kisha akaufunga mlango nyuma yake. Mtu asiye na hatia angeuliza tena. Yeye aliketi juu ya gunia la mpunga.

"Ya kwanza iliunguzwa na radi," alisema. "Masika yale ya mwanzo. Asubuhi nilikuta kila kitu kimekuwa makaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia."

"Ningelia, ndiyo. Kisha ningejifunga kibwebwe tukaanza upya. Si ndivyo tulivyoanza?"

"Watu walikuwa wameshaingia, Vio. Walikuwa wanasubiri. Nikatafuta pa kuuegesha mtandao kwa muda tu."

"Ukauegesha wapi?"

Amedeus akaokota punje ya mpunga sakafuni, akaimenya kwa kucha.

"Amedeus, nakuuliza. Wapi?"

"Kwa walewale," alisema.

Msomaji wangu, naomba nisimame hapa kidogo, ili ujue kwa nini neno hilo moja lilimfanya binti wa watu ashike ukuta.

Kabla ya Jirani, bonde zima lilikuwa likionyana mafuriko kwenye ule mtandao mkubwa wa ng'ambo ambao kila mwenye simu anao. Msimu wa mpunga familia huhamia mashambani, zikakaa kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, kuwinga ndege wasile mpunga hadi mavuno. Mto ukifura, walio juu huwatumia ujumbe walio chini wakimbie. Sasa siku ile mto ulipofura kweli, watu wakatuma maonyo mengi kwa pupa. Mlinzi wa kompyuta wa huko ng'ambo, asiyejua mto wala mpunga, akaona ujumbe mwingi kwa mpigo, akadhani ni matapeli. Akalifunga kundi zima. Hakuna wa kumpigia, hakuna ofisi ya kugonga mlango, hakuna hata wa kumtukana.

Beno, mdogo wake Violeth, alikuwa kwenye dungu huko Mofu akiitazama simu iliyonyamaza. Walimpata maji yalipopungua.

Na kaburini, Amedeus ndiye aliyetupia udongo akaapa mbele ya ukoo mzima: "Hakuna mgeni atakayetuziba mdomo tena." Hapo ndipo Violeth alipompenda, na kusema kweli, nani asingempenda? Ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

"Walewale waliomwacha Beno afe," Violeth alisema polepole.

"Hawakukusudia kumuua. Wao wana uwezo, sisi tuna jina. Leo tunaunganisha."

"Tunaunganisha nini?"

"Wanachama wakikubali, Jirani inakuwa yao kisheria. Jina linabaki letu, rangi zetu, salamu zetu. Serikali itaipeleka nchi nzima. Nani atajua?"

"Kwa hiyo nchi nzima itahama kwenye mtandao wa mgeni, iingie kwenye mtandao wa mgeni yuleyule aliyevaa kanga ya nyumbani?"

"Unavyoisema wewe inakuwa mbaya."

"Wageni wa serikali wanajua?"

"Wanajua wanachokiona," Amedeus alisema, akaitazama seva tupu.

Violeth alicheka kicheko kibaya. "Basi mtashindwa. Bonde halikubali kitu mpaka nikiseme mimi, na mimi sisemi."

Na hilo lilikuwa kweli, msomaji. Kule bondeni maandishi yalikwisha kupoteza heshima. Nani hajawahi kupata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Wazee wa watu walitapeliwa mpaka wakakoma. Habari nzito za kule hupokelewa kwa mdomo wa mtu anayejulikana, kama ambavyo msiba hutangazwa kwenye jumuiya ya sala na mtu mmoja ambaye wote wanamtambua. Violeth akaufanya huo kuwa utaratibu wa Jirani. Alipita jumuiya kwa jumuiya, baada ya sala, akiwafundisha: "Chochote ambacho hamjakisikia kwa sauti yangu ndani ya Jirani, kitupeni." Watu wakashika neno kama wanavyoshika katekisimu.

Akasahau kuwafundisha la kufanya siku sauti yenyewe itakapoibwa. Lakini hapo natangulia. Turudi ghalani.

Amedeus alisimama, akajipangusa pumba kwenye suruali. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliotisha.

"Vio, unadhani wamenunua nini hasa? Seva wanazo mpaka za kutupa. Wamenunua sauti yako."

"Sauti yangu iko mdomoni mwangu."

"Zile siku ulizokuwa unanisomea maneno. Kiswahili, Kindamba, Kipogoro. Ulidhani ni za nini?"

Violeth alikumbuka vizuri. Alikaa chumba hikihiki akisoma orodha za maneno hadi koo likakauka, na Amedeus akimletea maji ya uvuguvugu yenye asali. Alimwambia ni kwa ajili ya wazee wasiojua kusoma, ili Jirani iweze kuwajibu yenyewe. Alimwambia, "Unafanya kazi ya Mungu, mama." Na yeye akaamini, akasoma na majina ya watu, na salamu, na vilio vya msibani. Kila neno alilisoma kwa mapenzi.

"Simama jukwaani mwenyewe, uwaambie wakubali," Amedeus alisema. "Itakuwa vizuri zaidi kwako. Kwetu sote."

"Na nisiposimama?"

Amedeus alitoa simu, akatoka nje akiongea Kiingereza.

Violeth hakumfuata. Alirukia baiskeli yake, akakanyaga pedali hadi kwa Mzee Nikodemu, mwenyekiti wa ushirika wa wakulima, mwenye ghala na mwenye heshima. Zaidi ya hayo, Nikodemu ndiye baba yake wa ubatizo. Ndiye aliyemshikia mshumaa kanisani angali kichanga. Kama kuna mtu wa kulizuia jambo hili, ni yeye.

Alimkuta uani anafungwa tai na mkewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema hivyo na leo ni siku yako?"

Violeth alimwaga yote: seva, radi, wale walewale, sauti. Alisema bila kupumua. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamwashiria mkewe aende jikoni.

"Keti, mwanangu."

"Sina muda wa kuketi, baba. Wageni wanafika."

"Keti nikuambie. Amedeus ni kijana mzuri. Radi ilipopiga alikuja hapahapa, analia kama mtoto. Mimi ndiye niliyemwambia aende kwa walewale."

Baiskeli ilimponyoka Violeth mkononi, ikaanguka juu ya majamvi ya mpunga ulioanikwa.

"Wewe, baba?"

"Mimi. Nilizika watu kumi na wangapi ule mwaka? Nikasema sitaki kusikia habari ya kwetu na ya kwao. Nataka mtandao usiozimika. Uhuru usiowaka taa ni uhuru gani?"

"Lakini si ndio waliotuzimia!"

"Ndiyo maana nimeona bora tuwe ndani ya nyumba yao kuliko nje. Ukiwa ndani hawakufungii mlango."

"Ukiwa ndani ya nyumba ya mtu, baba, mlango ni wake na ufunguo ni wake. Na mimi kwa nini mlinificha?"

Nikodemu aliangalia chini. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli.

"Kwa sababu wewe unaaminika. Mtu anayeaminika akijua uongo, uso unamsuta. Tulihitaji uso wako uwe safi."

Mnaona wenyewe walivyomfanya binti wa watu? Walimtunza kama mtu anavyotunza kondoo wa sikukuu.

Machozi yalimtoka Violeth na hakuyafuta. "Ulinishikia mshumaa," alisema, "leo umeupuliza mwenyewe." Akainua baiskeli yake, akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mzee yeyote tangu azaliwe.

Uwanja wa mpira ulikuwa umefurika. Ngoma ya sangula ilikuwa imepamba moto, akina mama wamevaa sare ya Jirani, na wageni wa serikali wamekaa chini ya turubai wakipepewa. Mmoja wao, mwenye miwani, alikuwa akiwaambia waandishi kwamba nchi imechoka kuwa mpangaji kwenye mitandao ya watu, na kwamba leo Ifakara inaonyesha njia. Alisema kwa dhati, maskini ya Mungu.

Violeth alipanda jukwaani kabla hajaitwa. Watu walimshangilia, wakidhani ana haraka ya furaha. Akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele na milele, amina!" uwanja ukaitika.

"Na Waislamu wenzangu, asalaam aleikum!"

Wakaitika.

"Ndugu zangu, nimewadanganya."

Ngoma ikakatika. Yule mwenye miwani akageuka.

"Sikujua kama nawadanganya, lakini nimewadanganya. Jirani haiko Ifakara. Ile seva ni boksi tupu. Kila mnachosema kinaenda kulala kwa walewale waliotufungia kundi siku ya mafuriko. Na leo mtaambiwa mkubali iwe yao moja kwa moja. Nawaomba, nawapigia magoti, msi..."

Kipaza sauti kikafa.

Violeth alikipiga kwa kiganja. Kimya. Chini ya jukwaa alimwona Amedeus kando ya mitambo ya muziki, waya mkononi. Huyu naye leo alijua kuchomoa! Walitazamana. Kisha Amedeus akainamia simu yake, akagusa kitu kwa kidole kimoja, akafumba macho.

Simu za uwanja mzima zikalia kwa pamoja.

Zililia mifukoni, vifuani, kwenye mafundo ya kanga. Watu wakaziweka masikioni kwa mazoea, na Violeth akajisikia mwenyewe akiongea huku mdomo wake umefumbwa.

"Tumsifu Yesu Kristo. Wapendwa wangu, ni mimi Violeth wenu wa Jirani. Leo mtandao wetu unakua. Bonyeza moja ukubali Jirani mpya, ili mafuriko yasitukute tena gizani. Lakini nawatahadharisha. Kuna matapeli wameiba sauti yangu. Watawapigia hata kwa namba yangu, watasema ni mimi, watawaambia msibonyeze. Watasema lugha za nyumbani. Watawataja hata marehemu wenu ili muingiwe na huruma. Msiwasikilize. Aminini sauti ya ndani ya Jirani tu, kama nilivyowafundisha."

Ilikuwa ni yeye. Kile kikohozi kidogo kabla ya neno "wapendwa", ule uzito wa "r" anaotaniwa tangu shule, vyote vilikuwamo. Amedeus hakuwa amesahau kitu. Mtu anayekupenda ndiye anayejua namna ya kukuiga.

Bibi mmoja wa mbele alimtazama Violeth, akaitazama simu, akamtazama tena.

"Sasa mwanangu, tumwamini yupi?"

"Mimi hapa, bibi! Si unaniona kwa macho yako?"

"Nakuona," bibi alisema, akarudisha kidole chake nyuma. Wengine waliomzunguka nao wakasita. Wageni wa serikali walikuwa wamesimama, yule mwenye miwani akiita kwa ukali, "Mwenyekiti yuko wapi? Hii ni nini?" Nikodemu hakuonekana.

Kwa dakika chache Violeth alidhani ameshinda. Uwanja ulimwona kwa macho, na uwanja haukubonyeza.

Kisha akakumbuka. Uwanjani ni mamia. Bondeni ni maelfu, wako madunguni, hawaoni jukwaa wala turubai. Wao wanayo sauti tu. Na Mofu nzima, kuanzia wavuvi hadi walima mpunga, hungoja kwanza neno la mtu mmoja, kiongozi wa jumuiya, mama aliyepoteza mtoto wa kiume mtoni na hataki kusikia la mtu mwingine ila la bintiye.

Mama yake mzazi, Katarina.

Kwa haraka akakosea namba. Akapiga tena. Simu ikapokewa upesi, na upande wa pili kulikuwa na minong'ono ya watu wengi na mlio wa debe la kuwingia ndege.

"Shikamoo mama."

Kimya. Tangu ajue kuongea, Violeth hajawahi kumwamkia mama yake salamu ikaanguka chini.

"Mama, unanisikia? Ni mimi, Violeth."

"Nakusikia."

"Umebonyeza?"

"Bado. Niko na wenzangu hapa, wananingoja mimi."

"Usibonyeze, mama! Waambie wote wasibonyeze! Ile sauti siyo yangu, ni Amedeus, amenirekodi..."

"Eeh," Katarina alisema taratibu. "Alisema utasema hivyohivyo."

"Nani alisema? Mama, yule siyo mimi. Mimi ndiye mimi!"

Akageuza lugha, akamsemesha Kindamba, kwa jina ambalo mama hulitumia kumbembelezea tangu utotoni. Upande wa pili palisikika mtu akivuta pumzi.

"Na Kindamba wamekufundisha vizuri. Hongera zao."

"Mama, nisikilize, nakuomba. Beno tulimzika na shati lake la bluu. Wewe ulimvalisha, mimi nikafunga vifungo, kimoja kikakosekana, ukang'oa cha kwenye blauzi yako. Nani mwingine anajua hilo, mama? Nani?"

Minong'ono ikanyamaza. Hata debe likanyamaza. Violeth alimsikia mama yake akilia, kilio kilekile cha siku ya msiba, na kwa sekunde moja alijua amempata.

"Humwogopi Mungu wewe," Katarina alisema, sauti imepasuka. "Mwanangu alinionya kwamba utamtaja marehemu. Na hapo ndipo nimekujua."

"Mama!"

"Usiniite mama."

Kisha sauti ya Katarina ikasogea mbali kidogo na simu, akiwageukia wenzake waliomzunguka.

"Ni yule tapeli tuliyeambiwa habari zake. Haya jamani, bonyezeni."